Jentrix Ameacha Kukimbilia Bale

Kianda, Kibera,
Nairobi.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa dada Nasike,

Habari ya Lodwar? Joto imepungua? Na goti lako je? Ulisema linakusumbua ukipiga magoti kanisani. Basi omba ukiwa umekaa. Mungu anasikia tu.

Sisi tuko sawa. Kazi iko. Tunajenga flati huko Riruta, tumefika floo ya tatu. Mvua imeanza, lanlodi bado hajaziba mabati, tunaweka karai. Jentrix mzima, anakula vizuri.

Uliniambia niandike kwa sababu kwa simu nasema maneno mawili nakata. Ni kweli. Leo nimetoka kanisa, nimekunywa chai, nimekaa. Nakwambia yote ya huyu msichana wangu Jentrix. Usishtuke, inaishia vizuri.

Wakati ulikuja mazishi ya mama yake, hakuwa na nguo mingi. Zilianza baada ya hapo. Unajua anasomea mambo ya stima kwa chuo huko Riruta. Mama yake ndiye alimchagulia, alikuwa amechoka kuona watu hapa wakichomwa na hizi waya za kuungaunga. Sasa njia ya kwenda chuo inapita Kawangware, kwa soko ya mitumba. Bale, ile furushi kubwa ya nguo, ikikatwa kamba asubuhi, nguo za kwanza kutoka, zile safi, wanaita kamera. Watu wanazikimbilia kama nyumba inaungua. Jentrix alikuwa mbele yao wote. Kila Jumanne, kila Ijumaa. Klasi inaanza, yeye kichwa iko ndani ya bale.

Chumba yetu ni moja, unaijua. Nguo chini ya kitanda, nguo juu ya kabati, nguo kwa beseni. Mingi hajawahi vaa. Natafuta sufuria napata blauzi. Nikimuuliza hii ni ya nini, anasema, "Baba, ilikuwa kamera." Ati hiyo ndiyo jibu.

Musyoka, jirani yetu, akasema kama anapenda nguo hivyo, aziuze. Nikaona ni akili. Jumamosi tukamtandikia gunia nje ya ploti. Dada, hakuuza hata soksi! Mtu akishika nguo, Jentrix anamwambia, "Hiyo haikukai poa, mathe. Rudisha." Jioni akazifunga zote akarudisha chini ya kitanda, anafurahi. Musyoka alicheka mpaka akakaa chini kando ya mtaro.

Mimi sikucheka. Mwezi wa tisa mwalimu alikuwa amenipigia simu. Alisema mtihani wa mikono, ule wa kufunga waya na taa, umekaribia, na Jentrix akikosa klasi mara moja tena, hataufanya. Kusoma kote kutaenda bure.

Basi Ijumaa moja nikamfuata Kawangware nimtoe huko kwa mkono. Nilikuwa na gambuti miguuni na nguo ya simiti. Nikampata mbele kabisa, amekunja mikono ya shati. Nikamwambia, "Twende." Akasema, "Baba, dakika moja tu." Mwenye bale ni mama anaitwa Lavender. Akanipigia kelele, "Wewe mzee wa simiti, nunua ama toka kwa njia!" Halafu akakata kamba.

Sijui nikwambie aje. Watu wakasukuma, na mimi nikasukuma. Nikaona koti nyeusi. Nikashika. Mama mmoja akashika mkono ingine ya hiyo koti.

"Wachilia, mzee! Hiyo ni ya wanawake!"

"Kwani imeandikwa jina yako?"

Nikavuta. Mimi hubeba simiti kila siku, huyo angenishinda aje? Nikainua hiyo koti juu kama kombe ya mpira. Moyo inapiga, jasho inatoka, nacheka peke yangu. Tangu tumzike mama Jentrix sikuwa nimecheka hivyo.

Kugeuka, Jentrix ananiangalia. Ameangusha zake zote. "Buda, umeshinda!" Alicheka mpaka machozi ikatoka, halafu kicheko ikaisha, machozi ikabaki. Akaniambia, "Umeona sasa? Si nguo, Baba. Ni hiyo dakika. Hapo sikumbuki kitu."

Nikamwambia ukweli, hata mimi sikukumbuka kitu.

Nikalipa koti, tukakaa kwa jiwe hapo kando. Tukaongea habari ya mama yake. Kwa nyumba hatukuwa tunamtaja, kila mtu anaogopa kuumiza mwingine. Tukaongea vile alikuwa anaimba vibaya na kwa sauti, vile alikuwa anagombana na jogoo ya Musyoka. Tulicheka tena.

Tulifika chuo tumechelewa. Mwalimu alikuwa kwa mlango. Nikamwambia, "Leo makosa ni yangu. Nilikuwa napigania koti." Akaangalia koti, akaangalia gambuti. Akamwambia Jentrix aingie haraka.

Haikuisha siku moja, nisikudanganye. Lakini tukaanza kutembea pamoja asubuhi, kwa sababu kazi yangu iko upande hiyo. Siku ya bale tunapita ng'ambo ya barabara, tunapiga stori za mama. Mara moja alirudi na viatu mbili. Hakuficha, aliweka mezani. "Baba, nimeanguka." Nikamwambia inuka ukule, ugali inapoa.

Mtihani ikaangukia Ijumaa. Tuko njiani, simu yake ikalia. Lavender. Ati bale imefika, haijawahi kuwa safi hivyo. Jentrix alisimama. Nikamwachia aamue mwenyewe, hiyo haikuwa yangu. Akaangalia ng'ambo, akaangalia mbele, akanipatia simu. "Ongea naye wewe." Akaanza kutembea.

Nikasema, "Lavender, huyu ako na mtihani."

"Na wewe, mzee? Hutaki koti ingine?"

Nikakata haraka kabla sijasema nataka.

Amepita, dada! Taa zake zote ziliwaka. Zile nguo amegawa, mwenyewe, sikumwambia. Nikitoka asubuhi naona watoto wa ploti wamevaa kama wanaenda harusi.

Na sasa sikia hii. Kampuni ya hiyo flati yetu imemchukua ajifunze kazi. Ako juu kwa waya, mimi ni mtu wa mkono, nabebea mafundi vitu, niko chini kwa kokoto. Jumatano akapaza sauti kutoka floo ya tatu, "Mzee! Niletee ngazi!" Vijana wa mjengo wakafa kwa kicheko. "Buda, fundi anakuita!" Nikaacha koleo, nikabeba hiyo ngazi mbio, naambia kila mtu kwa stepu za kupanda juu, "Pisha, fundi anangoja."

Salimia shemeji Jeremy, umwambie nyama ya mbuzi aliyoahidi bado nangoja. Salimia Austine na watoto wake. Jentrix anasema anakupenda, na ukijenga nyumba, kuweka waya ni kazi yake.

Mungu akulinde na akupunguzie joto.

Ni mimi ndugu yako, nakupenda hata kama kwa simu sisemi,

Phanuel Walubengo,
mtu wa mkono wa fundi Jentrix.