Programu Yangu Imemwita Shangazi "Mama Gaju"

Jumanne. Ukungu umefunika Muheto tangu asubuhi, na mimi nashukuru, maana leo sitaki kuonwa na mtu.

Shajara yangu, tangu harusi nimekuandikia furaha tupu: chai anayonipikia Espoir wangu, anavyoimba akinyoa ndevu, anavyoniita cheri, mpenzi wake, hata mbele ya wazee. Leo nakuletea aibu.

Unaijua ile programu ya chama cha maziwa. Nimeiandika mwenyewe, mimi niliyeishia sekondari, Espoir akinifundisha bega kwa bega tangu uchumba. Mtu analeta maziwa, karani anafungua jina lake kwenye simu, anaandika lita, basi. Leo ilikuwa siku ya kuandikisha wanachama, na asiyeandikishwa maziwa yake hayatapokelewa.

Huku kwetu mtu mzima tunamwita kwa mtoto wake, Mama fulani, Papa fulani. Kwa hiyo katika hifadhidata nilitengeneza nafasi ya jina la mtoto, nikaiwekea sharti isiwe tupu. Ikiwa tupu, programu inakataa kuhifadhi. Nilijiona fundi kweli.

Ikafika zamu ya shangazi wa Espoir, yule aliyenifunga kitenge kwa mikono yake siku ya harusi. Hakujaliwa mtoto. Karani akabonyeza, maandishi mekundu yakatokea, naye akayasoma kwa sauti bila kufikiri: jina la mtoto linahitajika. Akabonyeza tena. Yakatokea tena.

Nyuma kwenye foleni mwanaume mmoja akasema, "Muweke jina ya ng'ombe yake, tuendelee." Watu wakacheka.

Shangazi hakugeuka. Akamwambia karani taratibu, "Andika Gaju, ng'ombe yangu. Yeye njo tunaamuka naye kila asubuhi."

Karani akaandika. Programu ikapokea, ikatoa maneno ya kijani: Karibu, Mama Gaju.

Programu yangu.

Nilikuwa nimesimama palepale. Ningeweza kusema neno. Nikajifanya natafuta mtandao. Shangazi akabeba bidoni yake ya maziwa, akapita karibu yangu, akasema, "Umefanya kazi ya muzuri, binti yangu." Hakuwa akinisema kwa kejeli. Hilo ndilo linaloniuma.

Nyumbani nilimweleza Espoir nikilia. Hakunigombeza, hajui hata kunigombeza. Aliuliza tu, "Cheri, na weye uko ndani ya ile programu. Ulipita namna gani?"



Nilipoijaribu, nilijiandikisha wa kwanza: Mama Aksanti. Ni mtoto tuliyempa jina tukicheka, wawili tu, na bado hayupo. Programu ilinipokea kwa uongo wangu, nami raha ilinizidi hata sikumfikiria mwanamke asiye na jina la kuandika pale.

Jioni hii nimeondoa lile sharti. Nimemfuta Aksanti pia. Nafasi yangu nimeiacha tupu, nikabonyeza, nikangoja maandishi mekundu. Hayakuja.

Ya shangazi sijaigusa. Kumfuta Gaju ni kazi ya kidole kimoja, lakini nimeshamwamulia mambo yake mara moja bila kumuuliza. Kesho, kabla hajaanza kukamua, nitakuwa mlangoni kwake, bila simu mkononi. Nitaomba msamaha kwanza. Halafu nitamuuliza yeye mwenyewe anataka tumwite nani.