Vioo vya Mahoro

Alhamisi, 2 Oktoba 2025
Mvua tangu alfajiri. Mahoro karudi kutoka labo, maabara yao ya chuo, macho mekundu. Vioo vimeharibika tena! Mimi darasa sikulikanyaga, herufi kanifundisha huyu huyu mjukuu wangu hapa kwenye meza ya cherehani. Basi leo herufi zake zitamlilia.

Kazi yenyewe: anachovya kioo kwenye dawa moja, anasuuza, anachovya kwenye nyingine. Tabaka juu ya tabaka, nyembamba hata jicho haliioni. Ya mwisho ni plastiki inayochukia maji. Ilale sawa kama shuka, mvua iteleze. Yake hailali! Inajikunja, inakuwa vitone vitone, kama maji juu ya jani la gimbi.

Jumatatu, 6 Oktoba
Huyo Dokta Silvère, msimamizi wake! Kamwambia mbele ya wenzake mikono yake michafu. Au labda ni mafuta ya nywele, chini ya huo mtandio.
Mtandio!! Mtoto anayetawadha kutwa!
Ijumaa vioo vinapelekwa kwa profesa. Vikikataa, nafasi yake anapewa mwenzake Rwema — yule mpole aliyekula pilau hapa Idi.
Nikasema napanda moto, pikipiki ya kwanza nitakayoiona, sasa hivi, nikamshike shati huyo Silvère.
— Bibi, ukija nitakufa kwa aibu.
— Kufa, sha, kipenzi changu! Lakini nitakuwa nimemsema.
Kacheka. Mara ya kwanza wiki hii.

Jumatano, 8 Oktoba
Shafiq wa dukani eti msichana aachane na vioo, ashone magauni. Nimemfukuza na mkate wake.
Mahoro kaleta nyumbani kisanduku cha vioo vilivyooshwa, kama kawaida yake. Hataki mtu avishike. Alipolala nikafanya yangu: chetezo, ubani, koti lake jeupe juu ya tenga. Kisanduku nacho nikakifunua, kipate moshi wa heri. Kila akivileta navifukiza. Aende kwa watu akinukia, wamheshimu!

Alhamisi, 9 Oktoba
Kaingia anaruka. Bibi, si mimi! Wametazama vioo kwa mashine: kabla hajachovya, tayari kuna kitu juu yake. Kama utomvu. Dawa inakosa pa kushika, inakimbia. Silvère mwenyewe kamwomba radhi!
Nikapiga vigelegele. Nikauliza, nani mshenzi kafanya hivi?
Rwema, kasema. Nani mwingine anayeitaka nafasi yangu? Kesho namtaja kwa profesa, afukuzwe.
Mtaje! nikasema. Mtaje mchana kweupe! Na pilau yangu aitapike!
Kisha nikachukua koti nilifukize.
Utomvu.
Ubani ni nini kama si utomvu wa mti? Ya Rabi. Hasira yote hii ya wiki nzima, sasa niipeleke wapi?
Chetezo kiko mlangoni, kinatoa moshi bado. Yeye yuko chumbani anajizoeza, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo: Profesa, aliyeharibu kazi yangu ni—
Nimemwita.
— Nakuja, Bibi! Ngoja nimalizie hapa kwa Rwema.
Nimemwita tena.