Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Jumatatu, 6 Machi
Uji wa ulezi, tena bila sukari. Wanangu Jovin na Adela wamegombania ukoko mpaka nikawapigia kelele. Koku, mtoto wa marehemu mdogo wangu, hakunywa. Zamu yake ilipofika alikuwa ameshaondoka na daftari lake. Hapendi uji. Kiburi cha mama yake. Kikombe chake kimebaki dirishani, kile nilichokifunga uzi mwekundu kisije kikachanganyika na vyetu.

Darasani kwangu kasinzia. Nimemhamishia nyuma.

Jumanne, 7 Machi
Mwalimu Mkuu anataka majina ya watoto wa darasa la kwanza wasioshika kitu. La Koku nimeliandika la kwanza. Kaka ameleta habari kutoka kisiwani Goziba: kama shule imemshinda, apelekwe kwenye kambi ya wavuvi akaanike dagaa. Mtoto wa miaka saba. Nimejibu kwamba nitafikiri. Uongo, nilishaamua aende. Nimejisikia mwepesi siku nzima.

Alhamisi, 9 Machi
Mkono wa Koku unatetemeka. Hata "a" haifungi. Moyo unamdunda mpaka unaonekana shingoni. Basi ni ugonjwa ule ule uliomchukua mama yake. Hapa Nshamba hatuutaji, tunasema tu "aliugua".

Nimeshika daftari lake, kisha nikaenda kunawa kwa sabuni. Watoto wameniona. Mwezi uliopita ni mimi niliyewasomea waraka: ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe wala kwa kushikana mikono. Niliusoma kwa sauti nzuri kweli.

Ijumaa, 10 Machi
Aibu. Sijui nianzie wapi.

Nilimwona anatafuna wakati wa hesabu. Nikamwamuru ateme kwenye karatasi. Punje za kahawa, zile za kutafuna tunazowawekea wageni kwenye kikapu. Nani kakupa?

"Bibi kanipa, waitu," akajibu kwa adabu ya Kihaya. "Kasema ukitafuna, njaa inalala."

Darasa likacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, kabla sijaelewa nilichosikia.

Mchana nikaenda kumgombeza mama mkwe, ambaye Koku naye humwita bibi. Alikuwa anamenya ndizi, hata kisu hakukiweka chini. "Mimi ningempa nini? Chungu chako, mwiko wako. Wanao wakimaliza kunywa, kengele inalia. Na anayechelewa unamchapa wewe."

Kweli. Wiki iliyopita nilimchapa Koku kwa kuchelewa. Siku hiyo alikuwa amesubiri uji.

Jumamosi, 11 Machi
Nimejaribu mwenyewe. Sikula kitu, nikatafuna kahawa kama yake. Saa nne mikono inacheza, moyo unakimbia, tumbo linauma. Mwandiko huu ndio shahidi. Mganga hajigangi: kila muhula nawahubiria wazazi kwamba mtoto mwenye njaa hashiki somo.

Kama Koku anao ule ugonjwa, sijui. Njaa alikuwa nayo, na ilitoka jikoni kwangu.

Jumatatu, 13 Machi
Nimemmiminia Koku kwanza. Akanitazama, akamtazama Jovin, hakugusa. Alidhani namtega. Ilibidi bibi yake amwambie, "Kunywa, mwanangu." Akanywa haraka haraka, akaungua ulimi.

Nimekwenda kulifuta jina lake. Mwalimu Mkuu akataka sababu. Nikasema mtoto alikuwa na njaa. "Nyumbani kwa mwalimu?" Nyumbani kwangu, nikasema. Walimu wawili walikuwepo. Kufika jioni Nshamba nzima itajua, na wana haki.

Kaka nimemwandikia: haji.

Alhamisi, 16 Machi
Nimemrudisha mbele. Jana alisinzia kidogo, leo hapana. Kaniuliza kwa nini "b" na "d" zinapeana migongo. Mtoto niliyemwandika kuwa hashiki kitu.

Jumapili, 19 Machi
Nimeukata ule uzi. Nimekitia kikombe chake kwenye sinia pamoja na vyetu, nikakinywea chai mbele ya wote. Mama mkwe kanitazama, akaendelea na chai yake. Nilitaka anisifu. Hata katika hilo sina haya.

Jumatano, 22 Machi
Mvua tangu alfajiri. Uji na maziwa kidogo, Koku kanywa vikombe viwili. Mkono umetulia, jina lake anaandika lote.

Alipomaliza alikisuuza kikombe chake peke yake, akakifuta, akaenda kukiweka dirishani, mbali na vyetu. Sikumtuma. Nilishamfundisha.