Dirisha Langu na Kabati la Mama

Nyumba ya Pembeni,
Mtaa wa Kale.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu nyingi kutoka kitandani, ambako siku hizi ndiko ofisini kwangu. U hali gani? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Na lile goti la kushoto, bado linatabiri mvua? Mimi sijambo, kwa kiasi cha mtu ambaye daktari amemwambia moyo wake umekuwa kama bawaba iliyolegea: mlango bado unafunguka, ila usiubamize. Ana huruma, hakutaja miezi. Lakini nimefundisha hesabu miaka thelathini na nane. Nafasi ile aliyoiacha wazi naweza kuijaza mwenyewe.

Usilie. Barua hii ni ya furaha, ila katikati ina mwiba kama samaki mzuri. Itafune taratibu.

Kwanza, mwanao alifika salama na anakaa kwangu mpaka nyumba yenu hapo ng'ambo ya barabara ikalike. Huyu mpwa wangu anatembea kama wewe, visigino kwanza, hata siku ya kwanza nikamwita Chiriku. Kuimba pia anaimba kama wewe. Majirani wamevumilia.

Alikuta madirisha yenu mawili ya mbele yameoza, ukiyagusa yanabonyea kama mkate. Akaiandikia Kamati ya Nyumba za Kale ombi la kuyabadilisha, si kwa alumini, bali kwa mbao na umbo lilelile. Kamati ikamjibu kwa ufupi kwamba kifungu cha tisa hakiruhusu. Dirisha linalotazama barabara hukarabatiwa, halibadilishwi. Kama ana shaka, avuke barabara akalitazame dirisha la Mwalimu, ambalo lina umri wa miaka mia na halijawahi kutiwa hata kidole kimoja cha ubao mpya.

Alinisomea barua hiyo huku akininywesha chai, na chai ikanipalia. Kifungu cha tisa nilikiandika mimi. Na hayo maneno ya mwisho ni yangu vilevile, neno kwa neno, niliyokuandikia wewe miaka thelathini iliyopita.

Najua hujasahau. Ulikuwa unakohoa miezi mitatu, na upepo ulikuwa ukiingia kwenye nyufa za fremu kama una ufunguo. Mimi, katibu wa Kamati, nikaja na ule msumari wangu wenye mpini wa kuchomea mbao kuona kama zimeoza, ulionipatia jina la Bwana Sindano mtaa mzima. Nikayachoma madirisha yako mbele ya majirani, nikatangaza kwamba yanatibika. Ukaniuliza, "Kaka, na mapafu yangu je, yamo katika kifungu cha ngapi?" Nikakuonyesha dirisha langu kwa kidole. Mwaka uliofuata mlifunga nyumba mkaondoka, na tangu hapo tumekuwa tukitumiana kadi zenye maneno kumi na mawili.

Sasa mwiba wenyewe. Dirisha langu si la kale.

Mwaka mmoja kabla ya ugomvi wetu, ulipokuwa umesafiri mwezi mzima kwenda kumuuguza mama mkwe wako, nilipata wazo la kulikagua dirisha langu mwenyewe. Nililigusa tu. Msumari ukazama hadi kwenye mpini. Mchwa walikuwa wamekula kila kitu wakabakiza rangi. Hebu fikiria hali yangu: majirani kumi na mmoja nilikwisha kuwakatalia. Kwa utaratibu ningelazimika kujiandikia ombi, nijikague, kisha nijikatalie.

Nikamwita Fundi Mkubwa, Mungu amrehemu. Akasema ubao mpya utajulikana hata na kipofu. Unatakiwa ubao wa zamani, wa mti uleule, uliokaukia katika nyumba hiihii. Hakusema zaidi. Tukajikuta sote wawili tunatazama chumba cha nyuma, lilikokuwa kabati la Mama.

Lile kabati, Chiriku. Ulilokuwa ukijifungia ndani ukitumwa dukani. Ambalo Mama alisema mbele yetu sote kwamba ni lako siku utakapopata pa kuliweka. Fundi alilifanyia kazi siku tatu za mvua kubwa, barabara ikiwa haina mtu, na siku ya nne dirisha lilikuwa mahali pake, limepakwa rangi na kusuguliwa msasa lionekane limechoka na dunia. Uliporudi nikakuambia mchwa wamelimaliza kabati. Nikakuonyesha na unga wao ndani ya kopo. Unga ulikuwa wa kweli, ila ulitoka dirishani. Ukalia, nikakutengenezea chai, ukanishukuru. Uongo wenyewe niliuzoea. Ile asante yako sijaizoea hadi leo.

Baada ya hapo uongo ukapata ajira ya kudumu. Wanafunzi wa usanifu wakawa wanaletwa kulichora. Likatokea kwenye kalenda ya Kamati, mwezi wa Juni. Kila aliyeomba kubadilisha dirisha alitumwa kwanza kulitazama langu, na aliporudi alikuwa mpole.

Basi niliposomewa ile barua ya Kamati, niliogopa kufa nikiwa nimelifunga tena dirisha la mwanao kwa uongo uleule niliolifungia la mama yake. Nikamwambia akate rufaa, na aombe kikao kifanyike chumbani kwangu kwa kuwa miguu yangu imestaafu kabla yangu.

Jumanne moja ya mwezi uliopita wakaja watu watatu. Mwenyekiti ni mkunga mstaafu, aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa huu na bado anawaamuru kama watoto wachanga. Wa pili ni msanifu majengo, binti mdogo mwenye futi mfukoni. Wa tatu ni mtoto wa Fundi Mkubwa, ambaye ana wajukuu watatu na bado tunamwita Fundi Mdogo. Msanifu akaanza kusoma kifungu cha tisa. Nikamwomba apumzike, nikasema yote kama nilivyokueleza wewe, huku mwanao amesimama mlangoni na sinia la chai.

Kisha Fundi Mdogo akaanza kucheka, polepole, kama mtu anayekohoa. "Mwalimu," akasema, "baba aliniambia kabla hajafa. Nimekuwa nasubiri kuona nani atakufa kwanza na siri hii, wewe au mimi."

Msanifu alilirukia dirisha, akalichunguza juu na chini, akarudi uso umemshuka. Kumbe aliandika kurasa kumi na sita juu yake alipokuwa chuoni. Mwenyekiti akamfariji kwamba kurasa zake ni nzuri, abadilishe tarehe tu.

Nilijiandaa kuaibishwa. Badala yake yule mkunga alikaa ukingoni mwa kitanda changu, akavuta shuka likanifunika miguu, akasema, "Dirisha jipya limekaa miaka thelathini mbele ya pua zetu. Tumelipiga picha, tumelisifu, na mtaa haujaharibika. Sasa tunamkatalia huyu mtoto kwa sababu gani?"

Mikono mitatu ikanyooshwa palepale kuikubali rufaa. Mimi nilihukumiwa kuurudisha msumari, nikautoa chini ya mto, na mwenyekiti akausukumiza kwenye mkoba wake bila kuniangalia. Niliona mabega yake yakicheka.

Nilimkataza mwanao asikuandikie lolote kuhusu siku hiyo, maana habari hii ni yangu kuitoa. Nami nilitaka kwanza niwe na kitu cha kukuletea pamoja na aibu. Ninacho.

Siku ileile Fundi Mdogo alilifungua bawa moja la dirisha langu ili achukue vipimo vya madirisha yenu. Akalileta kitandani, akanionyesha ule ukingo unaojificha kwenye fremu. Pale palikuwa na mikato saba ya kisu cha jikoni, ile ambayo Mama alikuwa akiichonga kwenye mlango wa kabati kila siku yako ya kuzaliwa akikupima kimo. Na pembeni yake yule ndege wako mwenye miguu mitatu, uliyemchora kwa msumari ukanyimwa kutoka nje wiki nzima. Miaka yote hii niliamini randa ilivimaliza. Fundi Mkubwa alivipitia mbali, akavigeuzia ndani, na hakuniambia. Mwanao alipitisha kidole juu ya mkato wa kwanza akauliza huyu ni nani. Nikamwambia, mama yako, miaka sita, na alisimama kwa vidole vya miguu akidhani hatumwoni.

Bawa hilo sijalirudisha dirishani. Limesimama ukutani karibu na kitanda, juu ya matofali mawili, ili mikato irudi kwenye kimo chake cha zamani. Ni lako. Fundi Mdogo ananitengenezea lingine jipya, nami nimelijazia fomu.

Madirisha yenu yalimalizika juzi Ijumaa. Mwanao aliyafunga adhuhuri yenye upepo mkali, akawasha mshumaa nyuma yake, na moto haukutikisika. Anakataa kuyafungua. Anasema wa kwanza kuyafungua ni mwenye kifua chake.

Nisamehe, mdogo wangu, kwa kabati, na zaidi kwa kile kikohozi. Nisalimie shemeji, mwambie deni lake la kunifunga kwenye bao halijasahaulika. Msalimie na mjukuu wako Mrefu, na yule mdogo anayefanana nawe pua, maskini. Mungu awalinde nyote, ailainishe njia yenu, na awafikishe mlango huu ungali unafunguka.

Juu ya mkato wa saba nimeacha nafasi. Unaandika kwamba uzee umekufupisha. Njoo tupime. Mimi nitashika kisu, na mwanao atanishika mkono.

Wako akupendaye, na sasa bila mchwa,

Kaka