Firigisi ya Kalimoni

Baba, mko aje huko nyumbani? Huku Kalimoni kwa Baba Mdogo mvua haituachi.

Bata wake walikuwa wanakufa, kila mtu anasema ni ugonjwa. Nikampasua mmoja: firigisi imejaa chembe za risasi! Wawindaji wa ndege huziacha kwenye matope ya bwawa, bata wanazimeza wakidhani ni changarawe, na risasi ni sumu. Nikaipeleka hiyo firigisi kwa mwenye bwawa, nikaiweka kando ya chai yake. Leo amewafungia wawindaji wote geti!

Jioni tukachinja jogoo. Unajua firigisi huwa ya wanaume. Baba Mdogo akanisukumia sahani: "Kula, hii ni yako."

Nimekula, Baba, wanaume wote wakiniangalia. Nikija Krismasi, yako tutagawana.

Binti yako akupendaye,
Nekesa