Kabla Hujafika Mwisho wa Gati

Nyumba Na. 7, Marine Row,
Scarholme,
Uingereza.

14 Aprili 2016

Mpendwa kaka Clifford,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Noreen. Hujambo wewe? Na hilo goti, limetulia au bado linakutesa ukipanda ngazi? Rosalind hajambo? Na wajukuu zako, Freya na Jonty, wazima? Sisi huku tunaendelea, ila mume wangu Alf anakohoa tangu Krismasi na hataki kusikia habari za daktari. Ana miaka sitini na saba, lakini akiona sindano anakimbia. Mimi nashukuru, ni miguu tu.

Barua ya mwanao Rosalind imenifikia Jumanne. Nimeisoma mara tatu, na ile ya tatu nikalia. Yaani kweli mnakuja! Tarehe kumi na moja Juni! Nimeshafua mapazia yote. Alf ananiuliza, mapazia ya Aprili na wageni wa Juni wapi na wapi? Nikamwambia, nyamaza wewe, hujawahi kupotelewa na kaka.

Rosalind ameniomba niwaandikie namna ya kutembelea gati yetu ya burudani siku hizi, maana watoto wameiona kwenye picha na sasa hawalali. Lakini chini kabisa ya ukurasa ameandika kwa herufi ndogo kwamba wewe hutaikanyaga. Eti utawasindikiza mpaka langoni, kisha utawasubiri kwenye duka la chai. Ndiyo maana barua hii nakuandikia wewe, si yeye. Isome mpaka mwisho, Cliff. Usije ukaiacha katikati ukaenda kulisha kuku wako.

Haya, kwanza nguo. Waambie watoto walete makoti. Juni, Juni, najua, lakini huo upepo wa huku hujausahau. Ukifika kwenye ile kona baada ya ukumbi wa dansi unakupiga mpaka meno. Na Rosalind asivae viatu vya visigino vyembamba, mbao zina nafasi katikati. Mwaka jana bibi harusi alinasa pale na kiatu kikabaki. Funguo pia, mzishike vizuri. Alf anasema akifa atazikwa chini ya gati maana nusu ya mali yake iko huko.

Chipsi msinunue langoni. Langoni ni bei ya wageni na mafuta ya jana. Nyoosheni mpaka kwa Dilys, kibanda cha bluu, mwambieni mmetumwa na Noreen. Atawauliza mnataka siki kiasi gani. Jibu ni "mwaga". Njegere za kupondwa anapika mwenyewe asubuhi. Halafu mle mkiwa mmeegemea ukuta, chipsi zimefichwa ndani ya koti. Shakwe wa siku hizi si wale wa utotoni mwetu. Hawa ndege hawaombi, wanapora. Ukimnyooshea mtu kidole kumwonyesha kitu, ujue chipsi hiyo siyo yako tena.

Kwenye mashine za sarafu, zile ambazo unadondosha peni mbili ukitumaini zitasukuma zingine, watoto wasikae za mlangoni. Hizo hazimpi mtu. Waende za nyuma, karibu na choo. Na wakikuta kikombe cha plastiki kimefunikwa juu ya mashine, wasiiguse. Hiyo ina mtu, amekwenda kunywa chai au kujisaidia, atarudi. Wageni wengi wanakosea hapo. Mwezi uliopita kijana mmoja alikiondoa kikombe cha bibi mmoja mzee, akaangusha sarafu zote kwa mkupuo mmoja. Yule bibi aliporudi, loo! "Wewe, umelelewa na nani?" Kijana akamrudishia kila sarafu, na akamnunulia keki juu.

Gari la mizuka, lile la kupita gizani, halitishi. Mzuka wa pili ana soksi moja. Wavuvi wa ndoano kule mwisho wapiteni kimya, na kamwe msiwaulize wamepata nini, maana hawajapata. Njooni maji yakiwa yamejaa, uzuri wa gati ni kuyasikia chini ya miguu.

Mnara wa kuteleza bado upo, Cliff. Mnara wa Baba. Wameupaka rangi upya, mistari myekundu na ya njano, na sasa unaendeshwa na mwanamke mmoja mkarimu anayeitwa Thelma. Mikeka ya magunia ni ileile ya zamani, inawasha vilevile. Mwambie Jonty abane viwiko, akiviachia atachubuka kwenye mzunguko wa pili. Lakini nani nimfundishe mimi! Wewe ndiye uliyekuwa unateremka kichwa mbele mpaka Baba anapiga kelele kule chini: "Clifford! Mama yako angekuona angeniua!"

Sasa naomba ukae kitini.

Unaijua desturi yetu. Mtu aliyeipenda gati akifa, ndugu zake wanamwekea kibao cha shaba kwenye benchi, wapate mahali pa kukaa naye. Ulipoondoka vilikuwa vichache. Siku hizi ni kila benchi, hata mbwa wa familia ya Hebblewhite ana chake. Na wewe unacho. Benchi linaloangalia mguu wa mnara, limeipa bahari mgongo. Kina jina lako kamili.

Mara ngapi nimetaka kukwambia kwenye simu! Tangu Rosalind alipotupata mwaka jana, kila Jumapili nasema leo namwambia, halafu nakusikia unacheka, mdomo unakuwa mzito. Mtu utamwambiaje kaka uliyempata baada ya miaka arobaini na mitatu kwamba tulishamwekea kibao cha marehemu?

Na najua utakachofikiria. Nilikuwepo siku ile mwaka sabini na mbili. Nilikuwa nimeshika mikeka. Nilimwona Baba akiutupa mfuko wako kwenye mbao mbele ya wateja, nikayasikia aliyoyasema: "Ukipanda hiyo meli, kwangu mimi umekufa." Ukaokota mfuko, hukugeuka. Sasa ukija Juni ukute jina lako kwenye shaba, utasema mzee alikuwa na maana yake, alinizika kabisa na kibao akaweka. Utaondoka tena, na safari hii nitakuwa nimekupoteza mimi. Hilo ndilo linaloninyima raha, Cliff. Si kingine.

Kwa hiyo sikiliza ilivyokuwa.

Mwaka themanini na moja gazeti liliandika kwamba meli yako imezama, na kwenye orodha ya waliopotea lilikuwemo jina la C. Thackwray, baharia. Sisi tungejuaje kwamba ulikuwa umeshuka bandari iliyotangulia kwa sababu ya jino bovu, na hakuna aliyelifuta jina lako? Barua zako mbili za mwanzo nilizipata. Nilipoolewa nikahama, na zingine sijui zilikwenda wapi. Hilo kosa ni langu na lako nusu kwa nusu, tutagombana mkija.

Baba alisoma lile gazeti akiwa na kikombe cha chai mkononi. Hakulia. Alivaa koti akaenda kufungua mnara kama kila siku. Saa kumi na moja jioni wateja wameisha, yeye harudi. Nikamfuata, nikamkuta amekaa kule juu kabisa kwenye mkeka, ameshika ukingo, hateremki.

"Baba, shuka basi. Chakula kinapoa."

"Mimi ndiye niliyesema amekufa, Noreen," akaniambia. "Nilisema kwa mdomo wangu."

Nilipanda, nikakaa nyuma yake, tukakaa hapo mpaka baridi ikatushinda. Kisha akashuka kwa ngazi.

Juma lililofuata akanichukua tukaenda kwa Bwana Pickersgill, yule mchongaji wa mtaa wa kanisa, mzee wa kukoroma akiwa macho. Baba akamwambia aandike: Clifford Thackwray, mwanangu. Chini yake, elfu moja mia tisa hamsini na moja, na kistari.

Pickersgill akauliza, "Na mwaka wa kufa, Ernest, niweke themanini na moja?"

"Usiweke."

"Ah, mzee, kibao bila mwaka wa kufa? Watu watasema nimelewa."

"Si unalewa? Waache waseme. Magazeti haya hata matokeo ya mpira yanakosea. Weka kistari, halafu acha nafasi."

"Nafasi ya nini sasa?"

"Acha nafasi, Pickersgill. Nalipa mimi au unalipa wewe?"

Akaacha nafasi. Mpaka leo iko wazi, Cliff. Hakuna aliyewahi kuijaza.

Kila Ijumaa kabla ya kufungua kazi, Baba alikisugua kile kibao kwa kitambaa na dawa ya shaba. Miaka kumi na mitatu, mvua, upepo, hakukosa. Mwaka tisini na nne, alipokuwa kitandani siku zake za mwisho, hakuniachia wosia wa nyumba wala saa. Alinishika mkono akasema, "Ijumaa, Noreen." Basi. Tangu hapo nasugua mimi. Hata baada ya kukupata nimeendelea, nifanyeje, mkono umezoea. Dilys ananicheka wazi: "Shoga, unamsugulia nani? Si yuko huko ng'ambo anakula kondoo?" Namwambia nyamaza, ukaange chipsi.

Hao wanaosimamia gati sasa wameniita mwezi wa kwanza. Msichana mpole, amesoma. Akaniambia, "Mama, samahani, utaratibu hauruhusu kibao cha mtu aliye hai. Itabidi tukiondoe." Nikamwambia, "Mwenye kibao anakuja Juni. Mwambie yeye usoni." Akacheka mpaka akafuta macho, akanipa muda hadi mwisho wa Juni.

Kwa hiyo uamuzi ni wako. Kina skrubu nne. Nitabeba bisibisi kwenye mkoba. Ukisema kitoke, nitakifungua kwa mkono wangu na hutasikia neno. Ila usiamue ukiwa kwenye duka la chai. Na chai yao yenyewe mbaya.

Nisalimie sana Rosalind, mwambie nimemsamehe kuandika kwa herufi ndogo. Freya na Jonty wapige busu kila mmoja, waambie shangazi wa mama yao anajua mashine ipi iko tayari kumwaga. Alf anakusalimu, anasema ulete kofia ya sufu ya huko. Dilys naye anakusalimu, anakumbuka ulimkanyaga kwenye dansi mwaka sabini.

Mungu awalinde angani na ardhini, awafikishe salama mlangoni kwangu. Taa ya nje nitaiacha inawaka hata mkifika mchana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyekulilia na sasa nakungoja,

Noreen

Nyongeza: Nimeshabandika stempu nikakumbuka jambo, nimefungua bahasha tena. Lile benchi ni la watu watatu. Baba alipokuwa anapumzika pale alikaa pembeni kabisa, upande wa kushoto, nusu ya tako nje, hata akiwa peke yake. Majira ya joto gati inajaa, watu wamesimama na watoto na mizigo, wanamwambia, "Mzee, sogea basi tukae." Alikuwa anaweka kofia yake pale katikati, anawaambia, "Samahanini, hapa pana mwenyewe."