Nukta Nyekundu Kwenye Kisanduku cha Umeme

Duka la Chapa,
S.L.P. 118,
Kakuma.
9 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Josiah,

Chamgei! Barua hii ikukute mzima, na kama ina mchanga ndani, usishangae, ni salamu za Kakuma hizo. Mgongo wa wifi yangu Makena unaendeleaje? Watoto wameizoea shule mpya, au bado wanalia asubuhi? Jumapili bibi yetu Kogo aliniuliza kwenye simu kama huko Winnipeg bado unakula ugali. Nilimjibu kwamba unakula, kwa hiyo usinifanye mwongo.

Sisi hatujambo. Shemeji yako Wasike bado yuko ofisi ya mifugo. Wiki iliyopita nzima alikuwa Nakalale na chanjo za mbuzi, akarudi vumbi tupu mpaka kwenye nyusi. Nyumbani nilimkaribisha na beseni la maji kabla ya kumkaribisha na chai.

Najua utauliza kwa nini nimeandika barua na simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza. Hii nataka uisome ukiwa umekaa, kwa sababu mwezi wa Agosti uliniambia hivi: "Dada, achana nao, nunua kingine. Dhamana za huko ni karatasi za kufungia mandazi." Josiah, nakuandikia nikiwa nimevimba kichwa. Kaa vizuri.

Unaikumbuka ile kompyuta kubwa ya mezani niliyoinunua Lodwar mwezi wa Machi, yenye dhamana ya mwaka mmoja. Mwanzoni mwa Julai ilizimika katikati ya kazi na haikuwaka tena. Fundi Duop, mwenye kibanda chake ndani ya kambi ya wakimbizi, alikuja na kisanduku cha umeme alichokitoa kwenye mashine ya mteja wake. Alipokichomeka, kompyuta yangu iliamka papo hapo. Kwa hiyo ugonjwa tuliujua siku ya kwanza: ni kile kisanduku kinachokaa nyuma, chenye feni, kinachogawa umeme ndani ya mashine. Duop akarudisha cha watu. Alisema angeweza kukifungua changu na kukichomelea, lakini kikishafunguliwa tu, dhamana imekwisha. Na hapa Kakuma hapakuwa na kingine cha kuuzwa chenye nguvu ya kuiendesha mashine ile.

Mimi ningengoja. Aliyekuwa hana muda ni Achai, yule binti wa Sudan Kusini ninayefanya naye kazi dukani, uliyemsikia akicheka kwenye simu ukauliza ni nani huyo. Kwa miaka miwili amesoma kuchora ramani za majengo kwa njia ya mtandao, akikaa kwenye kiti kile kile cha pembeni, wateja wakipiga kelele juu ya kichwa chake. Alibakiza mchoro wa mwisho tu. Siku ya mwisho ya kuupeleka ilikuwa Ijumaa tarehe 29 Agosti, saa kumi na moja jioni. Ikipita, chuo kinalifuta jina lake, na ufadhili aliopewa si wa kuanza upya. Laptopu zangu mbili zinashindwa hata kuifungua programu yake. Nilimkuta siku moja akichora kwa penseli kwenye maboksi ya karatasi, eti mkono usisahau. Iliniuma, nikatoka nje nikajifanya nafagia.

Basi, nilikituma kisanduku Lodwar kwa basi. Kilikaa wiki tatu, kikarudi na kikaratasi: hakina hitilafu. Nikakichomeka. Kimya. Nikapiga simu, nikaambiwa nikitume tena.

Mara hii ya pili, kabla ya kukifunga, nilifanya kitu ambacho Wasike alinicheka nacho jioni nzima. Nilichukua kichupa changu cha rangi ya kucha nikakitia kisanduku nukta nyekundu chini, kwenye pembe. Wewe unajua sufuria zangu zote zina nukta hiyo. Nimeziazimisha kwa harusi na matanga tangu nihamie huku, na hakuna hata moja iliyopotelea jikoni kwa watu. Mkono ulikwenda wenyewe. Wasike akaniuliza kama hiki nacho kinakwenda kupika pilau.

Jumatatu tarehe 25 Agosti basi likaleta kifurushi. Safari hii kilikuwa na boksi jipya, plastiki mpya, na kadi iliyogongwa muhuri: kimebadilishwa, ni kipya. Achai alipiga kelele ya furaha mpaka mwenye duka la jirani akaja kuuliza nani amejifungua. Tukakichomeka. Kimya kile kile. Achai akaketi chini sakafuni. Mimi nikakigeuza. Nukta yangu ilikuwa pale pale pembeni, inanitazama.

Nilikasirika, Josiah, kisha nikacheka, kisha nikakasirika upya. Zilibaki siku nne. Achai alitaka twende wote, lakini mtu wa kambini hasafiri bila kibali, na chake kingetoka wiki iliyofuata. Nikamwambia akae amalizie mchoro wake kwenye maboksi, mimi naenda na sirudi mikono mitupu. Nilisema kwa sauti kubwa ili nijiamini mwenyewe.

Jumanne asubuhi nilikuwa kaunta ya lile duka la Lodwar. Yule bwana wa pale nimempa jina, namwita Bwana Dhamana. Ana shati limepigwa pasi, hatoki jasho hata kidogo, na joto la Lodwar unalijua. Sikupayuka. Niliweka boksi mezani nikamwambia kwa upole kwamba mashine haiwaki.

"Madam, pole, lakini hiyo ni mpya kabisa," akasema. "Imetoka Nairobi."

"Mpya kabisa?"

"Haijaguswa na mtu."

"Basi niandikie hivyo hapo kwenye kadi, nimwonyeshe fundi wangu."

Akaandika, tena kwa mwandiko mzuri, akatia sahihi na muhuri mwingine. Nikaikunja kadi nikaiweka kwenye mkoba, nikafunga zipu. Ndipo nikakigeuza kisanduku.

Aliiona ile nukta, na mdomo wake ukamponza. "Ah, madam! Sasa hii umepaka rangi. Ukipaka rangi kabla ya kuleta, dhamana inakufa."

"Kabla ya kuleta lini?" nikamuuliza.

Nikamuuliza tena, pole pole, kama mwalimu: hiki ambacho hakijaguswa na mtu, nilikipaka rangi kikiwa Nairobi? Na kama nilikipaka kikiwa kwangu, kipya kiko wapi?

Nyuma yangu alikuwapo mama mmoja wa Kiturkana aliyekuja kununua chaja ya simu. Alisogea, akanisalimu kwanza, "Ejok, mama," akainama akaitazama ile nukta kwa makini. Kisha akamgeukia Bwana Dhamana. "Hii mbuzi iko na alama. Wewe nakula mbuzi ya mtu na alama iko kwa sikio? Rudisha."

Duka zima likaangua kicheko. Hata msichana wa risiti alifunika mdomo. Bwana Dhamana, kwa mara ya kwanza, akatoka jasho.

Nitakwambia ukweli, kwa sababu wewe ni ndugu yangu na huko hakuna wa kunichongea. Alikuwa sahihi kuhusu rangi. Nyuma ya kadi, kwa maandishi madogo kama siafu, imeandikwa kwamba kifaa kisiandikwe wala kupakwa chochote. Sikuisoma. Kama angesema tangu mwanzo kwamba ni kile kile cha zamani, angenionyesha mstari huo na ningerudi Kakuma nikilia njia nzima. Uongo wake ndio uliotuokoa, na hayo niliyajua nilipoisoma kadi garini.

Aliingia stoo akatoka na kingine, boksi halijafunguliwa. Nikakataa kukichukua mpaka akichomeke pale pale kaunta. Feni ikazunguka. Yule mama akapiga makofi. Mimi nikatoa kichupa mkobani, na mbele ya macho ya Bwana Dhamana nikakitia kisanduku kipya nukta. Safari hii hakusema kitu kuhusu rangi.

Jioni ile Duop alikifunga, mashine ikawaka, na Achai hakusherehekea. Alivuta kiti, akakaa, akaanza kuyahamisha yale ya kwenye maboksi. Jumatano, Alhamisi, nilifunga mlango kwa wateja wa kuchapa na nikawaambia wanisamehe. Ijumaa saa tisa na robo alibonyeza kitufe cha kutuma, akaweka kichwa mezani. Nilimpikia chai ya maziwa mengi, akainywa huku machozi yanaingia kikombeni.

Majibu yalitoka juzi. Amefaulu, Josiah! Amefaulu vizuri! Amechora shule ya chekechea yenye baraza pana pande mbili na madirisha madogo upande wa jua la jioni, kwa sababu yeye amekaa kwenye madarasa ya mabati na anajua mtoto hupikwa wapi. Wazee wa kanisa lao wameuomba mchoro wakaujadili. Sina cha kuongeza hapo, ila nimetembea mjini siku mbili hizi kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Kwa hiyo ukinunua kitu huko, tunza kadi yake, na uisome nyuma. Mandazi yafungie gazeti.

Msalimie sana Makena, mwambie ule mgongo aukande kwa maji moto na aache kubeba watoto wakubwa. Wabusu wanangu wote. Wasike anakusalimu na anaomba umtafutie koti, ingawa sijui atalivalia wapi. Duop naye anakusalimu bila kukujua. Mungu awafunike kwenye baridi hiyo, awape kazi za mikono yenu, na atukutanishe kwa Kogo tukiwa wazima wote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponibishia,
Chelangat

Tena: Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha, nimelazimika kuifungua. Achai ameleta nakala ya mchoro wake, anataka uwe nao. Tazama pembeni, chini, pale mchoraji anapoandika jina: Achai Dhieu. Hiyo nukta nyekundu iliyo karibu na jina si doa la safari. Aliniomba kichupa, akaitia mwenyewe, akaipuliza mpaka ikakauka. "Vitu vyangu vingi vilipotea njiani," akasema. "Hii hata ikifika wapi, itajulikana ni yangu."